Wageni wa Karandinga

Kuna nchi moja, jina lake naliacha jikoni lipoe kwanza, ambayo polisi wake wanapendana mpaka raia wanaona wivu. Nchi nyingine utasikia askari kafiwa, wenzake wamemletea shada la maua ya plastiki na hotuba, basi, kila mtu kwao. Hapa hapana. Hapa askari mmoja akipiga chafya, kikosi kizima kinatoa leso.

Mifano ninayo tele, na yote nimeipata kwa watu wa kuaminika, yaani wale wanaoshinda barazani kutwa bila kazi. Mke wa koplo mmoja aliumwa jino. Alipelekwa kwa daktari kwa msafara, king'ora mbele, king'ora nyuma, na katikati gari la maji ya kuwasha, endapo jino lingezusha vurugu. Mwaka huohuo kuku wa mama mkwe wa inspekta alipotea. Wakaletwa mbwa kutoka makao makuu, wakanusishwa kiota, na kabla ya adhuhuri kuku akapatikana, ingawa mbwa mmoja alikuwa ameshamla nusu. Wakati huo benki ya mtaa wa pili ilikuwa inaibiwa. Meneja alipiga simu kituoni, akajibiwa kwa upole mkubwa kwamba askari wote wako kwenye msiba wa kuku, awaombe majambazi wavute subira. Majambazi, kwa kuwa na wao ni watoto wa nchi ileile na wana utu, walituma pole.

Upendo huu una ofisi yake. Inaitwa Idara ya Kuwafaa Askari na Jamaa Zao, na mkuu wake katika mji ninaousimulia alikuwa Mrakibu Bakulungu, mtu aliyenenepa kwa maneno. Mrakibu hakuwahi kusema "ndiyo" mahali ambapo angeweza kusema "kwa kuzingatia hali halisi ilivyo kwa sasa, jibu linaelekea upande wa kukubali." Mkewe anasema hata siku aliyomtamkia mapenzi alimalizia na "naomba kuwasilisha."

*

Chini ya Mrakibu huyo alikuwapo Sajini Meja Tindwa, mtunza mahabusu. Funguo za mahabusu zilikaa kiunoni mwake mchana, na usiku zilikaa chini ya mto wake. Mzee huyu alikuwa na ugonjwa mmoja mbaya sana kwa mtu wa kazi yake: alifuata sheria. Alimkamata shemeji yake kwa kukojoa ukutani. Alimkamata jirani kwa kufungua redio kwa sauti ya juu, na alipogundua kwamba redio ni yake mwenyewe, jirani kaiazima tu, akajiita kando akajipa onyo kali.

Mtu akishaingia ndani kwa Tindwa hatoki mpaka adhaminiwe, na si kwa mdhamini wa kuokoteza. Sharti mdhamini awe anaishi na mtuhumiwa nyumba moja. Tindwa alisema anayelala na mtu chini ya paa moja ndiye peke yake anayejua kama atatoroka. Sharti hilo liliwahi kumsumbua naibu waziri mmoja. Walikuja wanawake watatu kumdhamini, kila mmoja na nyumba yake, na kila mmoja akaapa kwamba mheshimiwa anaishi kwake. Tindwa akasema ngoja wakubaliane kwanza. Wanasema mheshimiwa aliomba mwenyewe kubaki ndani.

Sasa Tindwa alikuwa na binti, Siwema, fundi cherehani, mtoto aliyezaliwa na kukulia kota za polisi, akishona sare za kituo kizima. Siwema alipendwa na Fumo, fundi friji wa mtaa wa sokoni, na yeye alimpenda Fumo mpaka ikaonekana kwenye kazi. Zilikuwa wiki ambazo mainspekta walivaa suruali zenye zipu upande wa nyuma, na hakuna aliyelalamika, maana wote walijua sababu. Mahari ikapokelewa. Fumo akahama kwa shangazi yake aliyemlea, akapanga chumba kipya, akawa analala peke yake na kitanda kikubwa, akingoja Jumamosi.

Kilichokosekana ni wageni.

Kadi ziligawiwa mtaa mzima. Mtaa mzima ukatoa udhuru. Huyu Jumamosi atakuwa na homa, yule atakuwa na msiba ambao marehemu wake bado alikuwa anakunywa kahawa pale nje. Shemeji wa ukutani alijibu kwamba angependa kuja ila anaogopa atabanwa na mkojo. Nani aende karamu ya mtu ambaye kila mmoja ameshawahi kulala kwake bila kupenda?

Habari zikamfikia Shangazi Kidawa, yule aliyemlea Fumo, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Akatuma ujumbe wazi: yeye anakuja na watu wa kujaza nusu ya ukumbi, na akiikuta nusu ya upande wa pili tupu, anageuza na bwana harusi wake. Hawezi kumwozesha mtoto kwa watu wasio na watu.

Siwema hakulia. Alienda moja kwa moja kwa Mrakibu Bakulungu na suruali yake mkononi, zipu ikiwa mbele, akamweleza kwamba asipopata wageni Jumamosi, hapati mume.

*

Kamati ilikaa siku hiyohiyo, Tindwa akiwa hana habari, kwa sababu angewakamata wote kwa mkusanyiko bila kibali. Mrakibu alisimama akasema:

"Ndugu wajumbe, mwenzetu anakabiliwa na upungufu wa watu. Jeshi letu lina changamoto. Halina mafuta, halina betri za tochi, halina viatu vya namba ndogo. Lakini kupata watu ambao hawakupanga kuja, hilo, ndugu zangu, halijawahi kutushinda."

Wajumbe walipiga makofi mpaka saa ya ukutani ikaanza tena kutembea. Ikaazimiwa kwamba Jumamosi viwekwe vizuizi barabara zote, na kila mtu asiye na shughuli ya maana apakiwe kwenye karandinga, lori la polisi lenye nyavu ubavuni, apelekwe Ukumbi wa Mshikamano akale, anywe na afurahi kwa mujibu wa sheria. Kosa lake, likihitajika, litakuwa kuzurura wakati mwenzetu anaozesha.

Kazi ya kizuizi kikuu alipewa Konstebo Pembe, kijana mrefu, mtiifu, asiye na makuu wala mengineyo.

Jumamosi ilianza vizuri. Pembe alisimamisha gari, akauliza watu wana shughuli gani, na kila waliyoitaja akaipima kama ni ya maana. Kwenda kazini Jumamosi: haina maana. Kwenda kumdai mtu: inaweza kungoja. Kwenda kwa mchumba: na huko unakopelekwa wamo wasichana. Watu walipakiwa huku wakiambiwa wajisikie nyumbani. Bendi ya matarumbeta iliyokuwa inawahi ukumbini ilipakiwa pia, kwa kuwa walipoulizwa shughuli yao walisema wanakwenda kupuliza tu. Gari la pilau likafuata. Mpishi alijaribu kueleza, Pembe akamjibu kwamba maelezo atayatoa mbele.

Halafu akatokea mjanja mmoja mwenye suti. Alipoulizwa, akasema yeye ndiye bwana harusi mwenyewe. Pembe alimpigia saluti, akamfungulia njia, akamtakia watoto. Wa nyuma yake alikuwa na masikio. Na yeye akawa bwana harusi. Wa tatu alikuwa na gunia la mkaa kwenye baiskeli, uso wote mweusi, lakini alisema siku hizi harusi za asili zimerudi. Kikongwe mmoja akasema yeye ndiye bibi harusi na wamchape anayebisha. Pembe akapatwa na mashaka, akapiga simu kwa Mrakibu, na Mrakibu, baada ya utangulizi mrefu, akatoa amri kwamba kuanzia dakika hiyo kila anayejiita bwana harusi akamatwe kabla ya wengine, na atakayeonekana kiongozi wao awekwe mbali na wenzake, maana inaelekea ni mtandao.

Fumo, masikini, alikuwa kwa kinyozi. Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umekwisha, wa kushoto bado, na shingoni ana shuka la kinyozi lenye picha za simba. Askari waliingia wakauliza nani hapa ana shughuli ya maana. Akasema yeye anaoa.

Pembe alimtazama kulia, akazunguka akamtazama kushoto. Akauliza wenzake huyu ni wa kumi na ngapi. Akapakiwa, na kinyozi naye akapakiwa kama shahidi, mashine ikabaki inanguruma sakafuni.

*

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo lisingewapata watu wa jeshi jingine lolote. Dereva wa karandinga alikuwa ameendesha gari hilo maisha yake yote, na maisha yake yote lilikuwa na safari moja: kutoka walipo watu hadi kituoni. Aliambiwa ukumbini, akaitika ukumbini, akawasha gari akiwaza ukumbi, na mikono yake ikakata kona kuelekea kituoni kama ilivyozoea. Alikwenda, akamwaga watu, akarudi, akapakia wengine. Pale kituoni hakuna aliyeshangaa. Lini karandinga lilileta watu wakaulizwa kwa nini? Waliandikishwa kaunta, wakavuliwa mikanda na kamba za viatu, wakaingizwa ndani. Vijana wa zamu walishangaa kidogo lilipoingia sufuria la pilau, lakini nalo likavuliwa kifuniko, kama tahadhari.

Ukumbi wa Mshikamano, kwa hiyo, ulikuwa na maputo, mshereheshaji mmoja, Mrakibu Bakulungu, maana askari wengine wote walikuwa vizuizini, na Sajini Meja Tindwa aliyevaa suti ya kuazima, amekaa meza ya mbele na funguo zake kiunoni. Upande wa pili walikuwapo watu wa Shangazi Kidawa, waliofika alfajiri kabla ya vizuizi ili wawahi kuhesabu viti vitupu. Mshereheshaji alijitahidi. Aliwakaribisha wageni kutoka karibu na mbali, akatazama wa karibu hakuna, akatazama wa mbali hakuna, akaomba muziki, muziki hakuna.

Shangazi Kidawa akasimama. Alivuta kanga vizuri begani, akasafisha koo, na nusu nzima ya ukumbi ikajiegemeza mbele isipitwe na neno. Akasema kwamba amejionea kwa macho yake, kwamba hakuja hapa kuozesha mtoto jangwani, na kwamba Fumo ainuke waondoke.

Fumo hakuinuka. Wakatazamana. Kila mtu alidhani yuko na mwingine. Ikaulizwa nani kamwona tangu asubuhi, na Shangazi akashusha kanga begani, akakaa. Sasa aibu ilikuwa imehamia kwake. Wageni wanaweza kuugua kwa pamoja, hilo linaeleweka. Lakini bwana harusi?

Mrakibu Bakulungu, kwa kuwa hajawahi kuona ukimya asiujaze, alitangaza kwamba bwana harusi ametoroka kwa muda usiojulikana, na jeshi litatoa picha yake. Siwema alitoka chumba cha mapambo na maua yake, hina mpaka kwenye viwiko. Mtoto wa kota anajua mtu akipotea katika nchi ile aanziwe wapi.

"Baba," alisema, "mmeshaangalia kwenu?"

*

Walipokaribia kituo walisikia matarumbeta. Ndani, mahabusu palikuwa pamejaa mpaka madirishani. Pilau lilikuwa limeliwa nusu, kwa foleni nzuri. Yule wa gunia la mkaa alikuwa anacheza na yule kikongwe. Wachumba wawili wapya walikuwa wamepatikana kona ya vyombo vya usafi. Watu ambao kwa miaka walikuwa wanapishana barabarani bila salamu walikuwa wanaitana majina ya utani. Na kwenye chumba cha mwisho, peke yake nyuma ya nondo na kufuli lile la kubana bila funguo, kama kiongozi wa mtandao, alisimama Fumo na nusu ya nywele.

"Umechelewa," Siwema alimwambia.

"Nilipata usafiri wa bure," Fumo akajibu.

Mrakibu alimwambia Tindwa afungue mlango, yaishe, sisi ni familia moja. Alisema kwa mara ya kwanza bila utangulizi, ndipo watu wakajua jambo ni zito. Tindwa akashika funguo. Mkono ukafika kwenye kufuli. Hapo ukagoma.

Akaeleza, taratibu, huku jasho likimtoka kwenye suti ya watu, kwamba mtu huyu ameandikishwa kaunta. Aliyeandikishwa hutoka kwa dhamana. Leo akimtoa mkwewe kwa sababu ni mkwewe, kesho shemeji yake atauliza, na naibu waziri atauliza, na wake wa naibu waziri. Fumo hajaonewa zaidi ya wengine, aje tu mdhamini anayeishi naye.

Shangazi Kidawa akajitokeza. Akaulizwa kama Fumo anaishi kwake. Alitaka kusema ndiyo, akakumbuka yeye mwenyewe ametangazia mji mzima jinsi kijana wake alivyopanga chumba chake. Mwenye nyumba hakai pale. Fumo anaishi na friji mbovu sita, na hakuna hata moja yenye akili timamu. Sheikh wa kufungisha ndoa, aliyekuja nao, akaanza kutazama saa; alikuwa na ndoa nyingine alasiri, upande wa pili wa mji, kwa watu walio huru.

"Mimi nitaishi naye," Siwema alisema. "Kuanzia leo."

Baba yake akasema leo hajaolewa bado.

"Basi nioze."

Akasema Fumo yuko ndani.

Siwema akaweka maua yake juu ya kaunta. "Baba, kitu gani hakiruhusiwi kuingia mahabusu?"

Tindwa hakuhitaji kufikiri, sheria hizo alizijua kuliko majina ya wanawe. Haviruhusiwi mikanda, kamba, viberiti, redio, vitu vyenye ncha, pombe na mbwa.

"Na ndoa?"

Mzee alifumba macho, akazipitia sheria zote tangu ya kwanza, midomo ikimcheza. Hata tarumbeta kubwa lilishusha pumzi. Alipofumbua macho alikuwa mtu mwingine.

"Ndoa hawakuitaja," alisema.

*

Ukisikia vigelegele vilivyopigwa hapo utadhani nchi imepata uhuru mara ya pili. Ila palikuwa na tatizo dogo. Watu wa Shangazi Kidawa walikuwa bado nje, na Konstebo Pembe, aliyerudishwa kulinda kaunta, aliwaambia kwamba ndani wanaingia watuhumiwa tu. Wakabembeleza. Pembe akasema yeye si mtu wa kupindisha, aliyekosa akose.

Shangazi Kidawa akatazama kushoto na kulia, kisha akakiri kwamba aliwahi kukata mti wa barabarani, kwa kuni. Akaandikwa, akaingia, akawa anacheza kabla kalamu haijakauka. Wengine wakashika foleni. Mmoja aliungama kuendesha baiskeli isiyo na kengele. Mwingine alikuwa amejiongezea umri apige kura, kisha akaupunguza apate kazi. Waliokuwa na maisha safi walitembea huku na huku wakiwa na wasiwasi, wakiazimana makosa. Watu wa mtaa, ambao asubuhi walikuwa na homa, waliposikia harufu ya pilau walikuja wakikimbia na dhambi zao mkononi. Shemeji wa ukutani alifika akaulizwa kosa, akageukia ukuta wa kituo, akasema wampe dakika moja.

Diwani wa kata naye akaja. Huyu alivutwa na ngoma akapitiliza. Alikiri kwamba barabara ya kifusi iliyozinduliwa mwaka jana haipo, na kwamba hata kifusi chenyewe kimejenga nyumba ya mke mdogo.

Pembe aliacha kuandika. "Mheshimiwa, hilo ni kubwa mno. Hapa hatuna pa kuliweka. Ungama dogo dogo."

Diwani akashukuru kwa ushauri, akaungama kutema mate hadharani, akaingia.

Mrakibu Bakulungu, alipoiona foleni imefika barabara kuu, alimpigia simu Inspekta Jenerali akamweleza kwamba kutokana na mikakati madhubuti, wahalifu wa mji wake wanajisalimisha wenyewe kwa mistari. Inspekta Jenerali alitangaza redioni kwamba uhalifu umekwisha upande wa kusini, na raia wa kaskazini wakaanza kulalamika wanabaguliwa.

Ndoa ilifungwa pale mlangoni. Sheikh alikaa kwenye kiti cha kaunta. Tindwa akapitisha mkono wake kati ya nondo, akashika mkono wa Fumo. Alisema anamwoza binti yake Siwema. Fumo akajibu kwamba amemkubali, kwa sauti iliyosikika mpaka chumba cha sufuria. Mashahidi walitakiwa wawili. Palikuwa na watu wa kutosha kushuhudia ndoa za wilaya nzima.

Tindwa hakuuachia mkono ule mara moja. Alijipangusa uso kwa tai ya kuazima. Kisha akajiweka sawa, akawa Sajini Meja tena, akamwita mdhamini.

Siwema akasogea. Akaulizwa uhusiano wake na mtuhumiwa. Akasema ni mkewe. Akaulizwa kama wanaishi nyumba moja. Akasema mkifungua huo mlango, ndiyo. Kufuli likalia, na Fumo akatoka na kichwa chake cha pande mbili, akasimama karibu na mkewe huku baba mkwe akimsomea masharti ya dhamana mbele ya umati. Asitoke nje ya mji bila mdhamini wake kujua. Afike kila anapohitajika, bila kuchelewa. Giza lisimkute barabarani. Asiwasiliane na watu wanaoweza kuharibu shauri.

Fumo aliitikia moja baada ya jingine. La mwisho lilipokwisha, akamwinamia mzee akamuuliza, kwa heshima, masharti haya ni mpaka lini.

Tindwa akamtazama binti yake. Siwema alichukua maua yake pale kaunta, akamfunga mumewe kola, akamshika mkono.

"Upelelezi unaendelea," alisema.